Nipe Mji

Katikati ya Desemba barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi hubeba mikondo miwili ya watoto. Mkubwa hupanda: ni watoto wa Kimara, Tabata na Mbagala wanaopelekwa kwa babu na bibi zao Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, katika ile safari ambayo Watanzania wengine huwatania Wachaga kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mdogo hushuka: watoto wa Majengo, Njoro na Pasua, mjini Moshi, wanaokwenda likizo kwa shangazi Dar au kwa mjomba Tanga, ndani ya mabasi yanayorudi na viti vitupu. Mikondo hiyo hukutana Mombo au Korogwe, mabasi yanapoegeshwa ili abiria wale. Kufikia hapo watoto wa pande zote mbili wameshauliza lile swali mara nyingi kiasi kwamba wazazi wameacha kulijibu. Wa Dar alianza kuuliza "Tumefika?" akiwa Kibaha. Wa Majengo alianza Himo, chini ya kilomita 30 kutoka kwao.

Hesabu yenyewe haina huruma. Safari ni kama kilomita 560. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi kibao kinadai 50. Hata lisiposimama popote, saa 7 haziepukiki, na hakuna basi lisilosimama. Wenye magari madogo hujidanganya kwamba wao watafika mapema, kisha foleni ya Dar, tochi za trafiki za kupimia mwendo na kibofu cha mtoto wa miaka 4 vinawarudisha kwenye saa zilezile 9 au 10. Sasa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, unaohusu watoto wa chini ya miaka 5, unasema mtoto mchanga na yule anayeanza kutembea wasibanwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari, kwenye kiti au mgongoni kwa mama, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Ukiuchukua mwongozo huo ulivyo, mtoto wa Majengo angetakiwa ashushwe anyooshe miguu kabla hajafika Same.

Mazungumzo ya wazazi kuhusu safari za namna hii huanzia mahali pabaya. Watu huulizana katuni gani ipakuliwe, mdoli gani ubebwe, pipi ngapi zinunuliwe. Kumbe mtoto anayelia njiani mara nyingi hajachoshwa na safari. Amekaa vibaya, tumbo linamchafuka, au amebanwa na haja. Burudani haitibu hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Tuanze na kiti. Kwenye basi, mtoto asiyekatiwa tiketi hupakatwa, na anayepakatwa hana dirisha, hana mahali pa kuweka miguu, hana hata haki ya kujigeuza. Mama naye mapaja yamekufa ganzi kabla ya Mwanga. Kumtaka mtoto huyo achangamke ni kumwonea. Wazazi wanaobana matumizi wana sababu zao, na nauli ya Desemba haimchekei mtu. Lakini kiti kimoja cha ziada kwa watoto wawili wadogo hununua amani ambayo simu ya bei yoyote haiwezi kuinunua.

Halafu tumbo. Kichefuchefu cha safari huzuka pale macho na sikio la ndani vinapopeleka taarifa zinazogongana. Macho yaliyoinamia simu au kitabu yanauambia ubongo kwamba mwili umetulia. Umajimaji ulio ndani ya sikio unasema mwili unapanda, unashuka na kukata kona. Ubongo ukichanganyikiwa, tumbo ndilo linalolipa. Watoto walio chini ya miaka 2 husumbuliwa kwa nadra. Hali huanza kushika baada ya hapo, hufikia kilele karibu na miaka 9 au 10, kisha hupungua ujanani. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa darasa la nne anayeonekana mkubwa wa kutosha kuachiwa simu peke yake kiti cha nyuma ndiye hasa aliye hatarini.

Watu wa mlimani wanalijua hili bila kusomea. Barabara ya Himo kupanda Marangu na kuendelea Rombo ni fupi, lakini kona zake hutapisha haraka kuliko safari yote ya Dar. Ndiyo maana bibi hubeba limau la kunusa, na wengine hutafuna tangawizi, ambayo milima ya Upare juu ya Same huilima kwa wingi. Wanasayansi hawajakubaliana kuhusu nguvu ya tangawizi katika jambo hili; ila kuangalia mbali mbele, hewa safi, chakula kidogo kisicho na mafuta mengi na kiti kilicho mbele ya magurudumu ya nyuma havina ubishi. Dawa zipo pia, na kwa mtoto mwenye kuulizwa ni mfamasia, siyo jirani wa kiti.

Kuna jambo dogo ambalo sera ya mazingira ililibadilisha bila mtu kulipangia. Kwa miaka mingi silaha ya mama dhidi ya matapishi safarini ilikuwa mfuko wa rambo, ule mweusi mwembamba, uliokunjwa ndani ya pochi. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na kwa mitaro ya Majengo hiyo ilikuwa heri kubwa. Lakini mfuko mbadala wa kitambaa hupitisha maji kama chujio, jambo ambalo familia nyingi zimeligundua wakati mbaya kuliko wote. Ndoo ndogo yenye mfuniko, ya aina inayouziwa mafuta ya kupikia, inafanya kazi vizuri na kurudi nyumbani ikiwa imeoshwa.

Na haja. Lugha ya mabasi ina neno lake la staha, kuchimba dawa, na dereva akisimamisha gari porini abiria hutawanyika vichakani wanawake upande mmoja, wanaume mwingine. Mamlaka zimekemea desturi hiyo mara nyingi, kwa afya na kwa usalama, na zina haki. Mtoto anayevuka lami ya barabara kuu akikimbilia kichaka ni jambo la kuogofya. Dawa yake ni kutumia kila kituo chenye choo, hata kama mtoto anaapa hana haja. Hasa akiapa.

Vitu hivyo vitatu vikishatulia, ndipo burudani inapata maana. Na hapo simu inaingia kwanza, iwe tunapenda au hatupendi.

Kuilaani ni rahisi mno. Kwa mtoto wa Kiswahili simu ya leo ina vitu ambavyo wazazi wake hawakuwa navyo. Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, ikitengenezwa Dar es Salaam na kufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na wanyama wanaozungumza Kiswahili. Miaka miwili baadaye ikafuata Akili and Me kwa walio wadogo zaidi, na mhusika wake mkuu, Akili, ni msichana wa miaka 4 anayeishi na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Majengo akiitazama anaona mlima uleule anaouona akipiga mswaki. Ukilinganisha na televisheni ya basi, ambayo humlazimisha kila abiria, mwenye umri wowote, kutazama mapenzi, fumanizi na uchawi kwa sauti ya juu mpaka Chalinze, simu yenye vipindi vilivyochaguliwa na mzazi ni neema.

Ila neema hiyo ina mipaka. Mwongozo uleule wa 2019 hauruhusu skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku. Kuna kichefuchefu kilichokwisha kutajwa. Kuna mtandao unaokatika, na chaji inayoisha mapema kuliko safari. Na kuna gharama isiyoonekana: mtoto aliyevuka wilaya kadhaa bila kuinua kichwa anashuka stendi ya Mbezi, Dar, akiwa hajapita popote.

Wenye lugha hii, hata hivyo, walikuwa na mchezo wa safari kabla ya gari. Kila anayejua Kiswahili anaujua, ila wachache wameuona kwa jicho hilo. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake hujibu, "Tega!" Wakishindwa kukitegua, mtegaji hadai pesa wala pipi. Anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, naye kabla ya kutoa jibu husimulia alivyokwenda katika mji huo, aliyoyakuta na alivyopokewa. Malipo ya ujinga ni mji, na mji huja na safari yake. Zamani watoto walioketi jikoni kwa bibi walilipana Mombasa, Kilwa na Unguja bila kuwahi kuzifikia. Ndani ya basi miji ipo dirishani, imepangwa kwa zamu: Himo, Mwanga, Same, Makanya, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera. Sharti linakuwa moja tu, kwamba huwezi kutoa mji ambao hatujaupita. Mtoto anayejua kwamba Same imekaribia ataanza kuitazama, kwa sababu ni mali inayoweza kuwa yake.

Vitendawili vya kale vitaisha kabla ya Same, na hapo mchezo unakuwa mtamu zaidi, kwa kuwa watoto huanza kutunga vyao kwa kilichopo nje. Reli inayofuatana na barabara: ndugu wawili wanalala pamoja toka Tanga hadi Moshi, hawajagusana hata siku moja. Mashamba ya mkonge: askari wangu wana mapanga pande zote, mwizi akipita hawamkimbizi. Kilimanjaro: mzee wetu ana kofia mbili, moja haivui, ya pili anaivaa ukija kumtazama. Tochi ya trafiki: jicho moja dogo, baba akiliona mguu wake unakuwa mwepesi. Kitungwe kibovu namna gani, mtoto akikitunga mwenyewe atakirudia mpaka Chalinze.

Kinachohitajika ni mtu mzima anayejua la kusema kuhusu dirisha, na barabara hii imejaa ya kusema. Ule mkonge karibu na Korogwe, ambao mtu mzima hupita akisinzia, ulifika nchini 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai pwani ya Pangani ilikuwa 62. Mashamba yote yale yalizaliwa na miche 62. Watoto hupenda zaidi masimulizi ya mitaani yanayodai kwamba miche hiyo ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na hakuna ubaya wakiambiwa, mradi waambiwe pia kwamba hayo ni masimulizi. Mwaka uleule wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukokotoa mwenyewe ni miaka mingapi, kisha aambiwe kwamba umbali huohuo basi lake linaumaliza kabla ya jua kuzama. Atakuwa amefanya hesabu akiwa likizo, bila kujua.

Namba za magari nazo ni hazina isiyoisha. Gari la Tanzania lina herufi T, tarakimu 3 na herufi 3, la binafsi likiwa na kibao cha njano na la biashara cheupe. Mdogo asiyejua kusoma ahesabu rangi. Anayejua kusoma atafute STK ya serikali, SU ya shirika la umma, PT ya polisi, na karibu na Himo, inapoungana barabara ya Holili na mpaka wa Taveta, magari ya Kenya yanayoanza na K. Wakubwa wapewe herufi 3 za mwisho watunge sentensi. Gari la BMK likipita, mmoja atasema "Baba, mbona kimya?" na mwingine "Bibi mkubwa kasinzia," na huyo bibi, kama hajasinzia kweli, atakuwa na la kujibu.

Na vituo ni ukumbi wa maonyesho. Duka linakuja dirishani: mayai ya kuchemsha, karanga, korosho, mahindi ya kuchoma, machungwa yaliyomenywa yakapangwa kama piramidi, na Mombo matunda ya baridi yaliyoshushwa kutoka Lushoto. Wazazi wengi hufanya ununuzi huo wenyewe, haraka haraka, mtoto akiwekwa kando. Afadhali apewe noti ya 2,000, aulize bei, apatane, ahesabu chenji gari likianza kunguruma. Ataisimulia shule nzima.

Uingereza walilifanya jambo hili biashara. Mwaka 1948 mwalimu mkuu mmoja, Charles Warrell, alianza kutoa vijitabu vya I-Spy, ambamo mtoto alipewa orodha ya vitu vya kutafuta njiani na kuweka alama kila alipokiona kimoja. Wazo lenyewe halina ugeni kwa mtu wa vitendawili. Tofauti ni kwamba mtoto wa Uingereza hulifanya akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti chake maalumu, kwa kuwa huko sheria inamdai kiti hicho mpaka atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135.

Tanzania hapo kuna pengo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 iliiweka nchi miongoni mwa zisizo na sheria ya kiti cha mtoto garini. Matokeo yanaonekana kila Desemba: mtoto amesimama katikati ya viti vya mbele akimwonyesha baba picha, wengine watatu wamelala kwenye buti la Noah juu ya magunia ya mchele. Mchezo wowote unaomtoa mtoto kwenye mkanda, au unaomfanya dereva ageuze shingo, ni mchezo mbaya hata kama unachekesha. Dereva anaweza kuwa mwamuzi wa vitendawili. Macho yake yasiombwe.

Treni inastahili kutajwa, maana ndiyo chombo pekee cha njia hii kinachomruhusu mtoto kutembea. Mabehewa ya abiria kutoka Dar hadi Moshi yalirudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Ni ya polepole na husafiri usiku, kwa hiyo mtu mzima mwenye haraka hataki kuyasikia. Kwa mtoto, ujia wa behewa ni uwanja. Kenya wana treni ya Mombasa hadi Nairobi tangu 2017, ambayo dirisha lake hupita Tsavo, na asiyebahatika kuona tembo huona angalau vumbi lake. Waswahili wa Oman, wao, huendesha karibu kilomita 1,000 za jangwa kutoka Muscat hadi Salalah wakati wa msimu wa mvua za huko, barabara ambayo haina mkonge, haina wauza machungwa wala Mombo. Anayelalamikia njia ya Moshi aifikirie hiyo.

Yupo mtoto mmoja ambaye mashauri haya yote hayamfikii. Ni yule wa miaka 9 au 10 anayekabidhiwa kwa kondakta, au kwa mama wa kiti cha pili asiyemjua, apelekwe Dar ambako shangazi atampokea stendi. Safari ya namna hiyo haifai, na maelezo ya umaskini hayaifanyi ifae. Lakini ipo, na mtoto huyo huonekana: ameshika begi mapajani saa zote, hasemi kitu, haombi kushuka kujisaidia kwa sababu anaogopa kuachwa. Abiria anayeketi karibu naye amtegee kimoja. Atajibu "Tega!" kwa sauti ndogo, kisha zamu yake ya kutega itafika, naye ataomba mji.

Kwa wenye safari asubuhi, neno la mwisho ni la tiketi. Anayetoka Moshi kwenda Dar amkatie mtoto upande wa kushoto, dirishani, katikati ya basi. Mlima Kilimanjaro uko kushoto mpaka Himo, na saa 12 asubuhi mara nyingi haujavaa ile kofia ya pili. Milima ya Upare iko kushoto. Usambara iko kushoto. Jua la asubuhi nalo liko kushoto, na pazia la basi ni kwa ajili yake. Anayetoka Dar akate kulia.